Umeme mpaka chini ya parseli: namna ya kuuvuta bila kuchoma nyumba wala kuua mtu

“Fundi, univutie tu waya mpaka kule chini.” Ni neno ambalo mafundi wa umeme wa Bukavu wanalisikia kila mara. Mwenye nyumba amejenga anekse ya kupangisha. Ao mama anataka taa kwenye kikoni ya inje. Ao kuna kibanda cha kuku, chumba cha mlinzi karibu na lango, bomba ya kupandisha maji kwenye siterni. Umeme uko kwenye nyumba kubwa; huko kwingine ni giza. Kwa hiyo mtu ananunua waya ya bei nafuu, anaifunga kwenye mti wa avoka, anaipitisha juu ya manjanja, na jioni ampuli inawaka. Wote wanafurahi.

Lakini ampuli kuwaka si alama kwamba kazi ni nzuri. Waya mbaya pia inawasha ampuli. Itaonyesha ubaya wake siku ya mvua, siku mpangaji atakapochomeka resho, ao siku mtoto atakapoenda kuanua nguo.

Katika makala hii tunaeleza, hatua kwa hatua, namna umeme unavyopaswa kusafiri ndani ya parseli kubwa. Hatutaki ujifanye fundi. Tunataka fundi akifika kwako, ujue kitu gani cha kumuuliza na kitu gani cha kukataa.

Mji unaoteremka, parseli zinazoteremka

Bukavu iko kwenye milima na rasi zinazoingia ndani ya ziwa Kivu. Huko Muhumba na Nguba, nyumba za zamani zilipewa bustani ndefu zinazoteremka kuelekea maji. Bagira, Panzi na Kadutu, parseli ni ndogo zaidi, lakini nazo ziko kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba. Parseli iliyokuwa ya jamaa moja leo inakaliwa na jamaa tatu, ine ao zaidi. Waya za nyumba ya zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa chache na pengine friji moja. Leo zinaombwa kulisha resho tano.

Na umeme wenyewe ni wa kuhesabu. Bwawa la Ruzizi I liko hapa hapa mlangoni mwa mji, pale maji ya ziwa yanapotoka, na limekuwa likitoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini watu wameongezeka mno kuliko mashine. Ndiyo sababu saa za jioni, wakati wote wanapika pamoja, volti zinashuka. Kwenye prizi ambapo zingepaswa kuwa 220, unaweza kukuta 200 ao chini yake. Tukumbuke hilo, sababu linaingia moja kwa moja katika hesabu ya waya.

Kwanza, hesabu ya umbali

Waya ni kama tiyo ya maji. Tiyo ndefu na nyembamba, maji yanafika mwisho bila nguvu. Umeme vilevile: kila meta ya waya inakula kidogo, na kile inachokula kinageuka kuwa joto.

Tuchukue mfano. Kutoka nyumba kubwa mpaka anekse ya chini ni meta 60. Mpangaji anatumia resho ya wati 2200. Fundi ameweka waya ya shaba ya 1,5, ile ndogo ya kawaida ya taa. Jioni, volti zinazotoka juu ni 200. Umeme unaenda meta 60 na kurudi meta 60, kwa hiyo njia yote ni meta 120. Ukifanya hesabu, volti 12 hivi zinapotelea njiani. Kule chini zinafika karibu 188, na resho inatoa chini ya robo tatu ya nguvu yake. Mama anasema resho imechoka. Resho haikuchoka; waya ndiyo nyembamba.

Na zile volti zilizopotea zimeenda wapi? Wati karibu 100 zinapasha moto waya njiani, saa yote resho inapofanya kazi. Konteri inazihesabu. Ukipika saa tatu kwa siku, kwa mwezi mmoja umelipa kilowati-saa 9 za kupasha moto waya bure.

Ukiweka waya ya 4 pahali pa ile ya 1,5, hasara inashuka mpaka volti 5 hivi. Mafundi wanafuata kanuni hii: kwa taa, usipoteze zaidi ya asilimia 3 ya volti, kwa vyombo vingine, usipite asilimia 5. Kwa hiyo ukubwa wa waya hauchaguliwe kwa macho. Unachaguliwa kwa vitu viwili: mzigo utakaobebwa na umbali wa kusafiri. Waya ya 2,5 inayofaa ndani ya chumba inaweza kuwa ndogo mno kwa meta 60.

Bomba ya maji na friji ndizo zinaumia zaidi. Mota inayokosa volti inavuta umeme mwingi ili kuanza, inapata joto, kiisha inaungua. Watu wengi wamenunua bomba ya pili, kumbe shida ilikuwa waya.

Na ralonji? Ralonji ni ya kazi ya saa moja, si ya kulisha nyumba mwaka mzima. Ukiitumia kwa mzigo mkubwa, ifungue yote. Ralonji iliyobaki imezungushwa inatunza joto ndani yake, na plastiki inaweza kuyeyuka.

Dijonkteri inalinda waya, haikulindi wewe

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanasema: “Hakuna shida, dijonkteri iko.” Dijonkteri ya kawaida inakata wakati waya inabeba mzigo unaopita nguvu yake, ao wakati waya mbili zinagusana, ile tunaita kurusirkwi. Kazi yake ni kuzuia waya isiwake moto. Kwa hiyo inafuata ukubwa wa waya: kwa waya ya shaba ya 1,5 isipite ampea 16, ya 2,5, ampea 20, ya 4, ampea 25, ya 6, ampea 32. Ukiweka dijonkteri ya 32 kwenye waya ya 1,5 ili “isikatekate”, umeondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Waya itaungua mbele dijonkteri ijue kitu. Fizibo iliyofungwa kwa msumari ao kwa waya nene ni hatari hiyo hiyo.

Lakini mwili wa mtu hauvumilie hata ampea moja. Umeme wa zaidi ya miliampea 30 ukipita kifuani, moyo unaweza kusimama. Dijonkteri ya ampea 10 inaruhusu mara zaidi ya 300 ya kiasi hicho bila kushtuka. Ili kulinda mtu, inatakiwa ile inayoitwa diferansieli ya miliampea 30. Yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na umeme unaorudi. Ikiona kiasi kidogo hakirudi, maana yake kinapitia pengine, labda katika mwili wa mtu, na inakata mara moja.

Kwa umeme unaotoka inje ya nyumba, diferansieli si mapambo. Inje kuna udongo mbichi, miguu mitupu, maji ya kufulia. Ina kifungo kidogo cha kujaribia: ukifinye mara moja kwa mwezi wakati umeme uko. Isipokata, ibadilishwe.

Rafiki yake diferansieli ni waya ya udongo, ile ya rangi ya kijani na manjano. Fundi anapigilia piketi ya chuma yenye shaba, yenye urefu wa meta 1,5 ao 2, mahali udongo unatunza ubichi, na kuiunganisha na vyombo vyote vya chuma. Hapo friji ikiharibika na umeme ukapanda kwenye mlango wake, umeme unapata njia ya kushuka na diferansieli inakata mbele ya mtu kugusa. Bila waya ya udongo, mtu ndiye anakuwa ile njia. Na usifunge waya ya udongo kwenye tiyo ya maji: siku hizi tiyo nyingi ni za plastiki, na plastiki haipitishe kitu.

Chini ya udongo ao hewani?

Kuna njia mbili za kuvusha bustani.

Njia ya chini ya udongo ni salama zaidi ikifanywa vizuri. Unachimba mtaro wa sentimeta 60. Pale gari linapita, unaenda mpaka 85 hivi. Chini unaweka mchanga usio na mawe. Kabo inakuwa ile ya inje, yenye ganda nene juu ya magamba ya waya, na inapita ndani ya tiyo yake. Unafunika kwa mchanga na udongo, na sentimeta 20 juu ya kabo unatandika wavu mwekundu ao ukanda wa plastiki. Huo wavu ni barua kwa mtu atakayechimba kiisha miaka kumi: “Simama, hapa kuna umeme.” Tunalima ndani ya parseli zetu. Lengalenga, maharagi na ndizi zinahitaji jembe, na jembe halina macho. Chora njia ya kabo kwenye karatasi, hesabu meta kutoka pembe ya nyumba, na utunze karatasi hiyo pamoja na hati za parseli.

Kwenye mteremko wa Bukavu kuna jambo la kuongeza. Udongo unatembea. Mvua kubwa zinaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano, na zinakula ukingo wa parseli. Usipitishe kabo kwenye ukingo wa korongo, wala ndani ya mtaro wa maji ya mvua, hata kama ni rahisi sababu umekwisha chimbwa. Acha kabo iwe na urefu wa ziada kila mwisho, ili udongo ukisogea isivutwe mpaka kukatika. Na usifanye kiungo chini ya udongo. Waya iliyounganishwa kwa mkono na kufungwa skochi, kiisha kufukiwa, itakunywa maji.

Njia ya hewani ni ya bei nafuu, lakini ina masharti. Miti ya kushikilia iwe imara, si avoka inayoyumba na upepo. Kabo iwe ya inje, inayovumilia jua. Waya za ndani ya nyumba zinapasuka ganda kwa jua. Iwe juu kiasi kwamba mtu aliyebeba ngazi ao fito asiifikie, na penye kupita gari iwe juu zaidi. Isivutwe kama kamba ya gitaa. Iachiwe tumbo kidogo.

Kwa njia zote mbili, anekse iwe na kofre yake ndogo yenye dijonkteri zake. Hatari ikitokea chini, mtu wa chini akate hapo hapo, asipande ngazi 40 akipiga kelele.

Maji, manjanja na waya ya kuanika nguo

Hatari kubwa mno ni ile isiyoonekana. Waya inapita juu ya manjanja. Upepo unaisugua kwenye ncha kali ya bati mwaka mzima. Siku moja ganda linakatika. Hakuna cheche, hakuna kelele, ampuli inaendelea kuwaka. Lakini sasa manjanja yote ina umeme. Kwenye manjanja umefunga waya ya chuma ya kuanika nguo. Mvua inanyesha, mama ao mtoto anakimbia kuanua nguo, mikono mibichi, miguu kwenye matope.

Kwa hiyo kanuni ni moja: waya ya umeme haigusani na bati, na waya ya kuanika nguo haifungwe kwenye bati wala kwenye mti wa umeme. Tumia kamba ya nailoni. Bei yake ni ndogo sana.

Tulipata fundisho chungu katika inchi yetu. Tarehe 2/2/2022, siku ya mvua, kabo ya umeme mkubwa ilianguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, mahali palipojaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza na kununua. Ule ulikuwa umeme wa nguvu nyingine, si wa nyumba. Lakini fundisho ni lile lile: waya iliyoanguka haiguswi, na maji yaliyo karibu nayo hayakanyagwi. Ukiikuta barabarani, zuia watu, itisha SNEL na viongozi wa mtaa.

Na radi je? Sisi tunaishi mahali pa pekee duniani. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohesabu radi kwa setilaiti, uliweka eneo la Kabare, jirani yetu, namba 2 duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: radi zaidi ya 200 kwa kilometa mraba moja kila mwaka. Kabo ndefu inayopita hewani katika bustani inaweza kuleta nguvu ya radi mpaka ndani ya nyumba. Mawingu yakifunga, chomoa televizyo, friji na chaja. Kuzima kwa kifungo hakutoshe.

Kuna mahali waya haihitajiwe

Mbele ya kununua kabo ya meta 60, jiulize: huko mwisho nahitaji nini? Kama ni taa moja ya choo, ya mlinzi ao ya njia ya bustani, pano ndogo ya jua na batri yake vinaweza kugharimu chini ya kabo, na delestaji haivihusu. Umeme wa volti 12 hauwezi kumuua mtu kwa kumgusa kama ule wa 220. Lakini weka pano karibu na taa. Volti 12 hazipendi safari: taa ya wati 10 kwenye waya ya 1,5 yenye meta 60 itapoteza karibu asilimia 10 ya volti njiani.

Kwenye kibanda cha kuku, angalia zaidi moto kuliko umeme. Ampuli ya kupasha vifaranga ikining'inizwa kwa waya yake yenyewe, siku moja itaanguka kwenye maranda makavu. Ifunge kwa mnyororo, mbali na maranda.

Kama una grupu, usiichomeke kwenye prizi ya ukuta ili “kurudisha” umeme nyumbani. Umeme wake utatoka kwenye konteri mpaka barabarani, na mfanyakazi wa SNEL aliye juu ya mti akidhani hakuna umeme anaweza kufa. Inatakiwa inverseri, kifaa kinachochagua upande mmoja tu. Na grupu ikae inje kabisa. Moshi wake unaua watu waliolala.

Nani anajibu?

Mpaka wa kazi ni konteri. Waya za kabla ya konteri ni za SNEL. Za kiisha konteri ni za mwenye nyumba. Kwa hiyo kama waya ya anekse imechakaa, mpangaji asiambiwe “jitengenezee.” Na mpangaji naye asivute waya yake kwa siri akilipa kijana wa mtaa. Kuweka konteri ndogo kwa kila anekse kunapunguza ugomvi wa feza mwisho wa mwezi. Lakini kuvusha umeme mpaka kwa jirani, ao kuunga kabla ya konteri, ni jambo lingine. Sekta ya umeme inaongozwa na sheria namba 14/011 ya tarehe 17/6/2014, na kuiba umeme ni kosa. Zaidi ya sheria, nyumba za mbao zilizobanana zinafanya waya moja ya wizi ichome mstari mzima. Kadutu inajua hadisi hiyo.

Mbele ya kulipa fundi, uliza hivi

1. Umehesabu meta ngapi na mzigo gani? Asiyepima hajui waya gani inatakiwa.

2. Waya hii ni shaba kweli? Kwarua ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiyumu iliyopakwa rangi ya shaba, na inabeba kidogo. Sumaku ikiikamata, ndani kuna chuma.

3. Diferansieli ya miliampea 30 iko wapi, na piketi ya udongo iko wapi? Akuonyeshe kwa mkono.

4. Viungo viko wapi? Vyote viwe ndani ya buati iliyofungwa, juu ya udongo, na unaweza kuvifikia.

5. Nikizima hapa, ni wapi patazimika? Jaribuni pamoja mbele ya kulipa.

Na mtu akikamatwa na umeme

Usimshike. Wengi wanakufa wawili wawili hivyo. Kata umeme kwanza. Ikiwa haiwezekane, simama mahali pakavu, umtenge na waya kwa fito kavu ya mbao ao kiti cha plastiki. Kiisha angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua na finya kwa nguvu na haraka, karibu mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati mwingine anatafuta gari la hospitali. Hata akiamka na kusema “niko muzuri”, apelekwe kwa munganga. Moyo unaweza kusumbua kiisha saa kadhaa.

Leo jioni, kabla ya giza, shuka mpaka chini ya parseli yako. Fuata waya kwa macho kutoka kwenye konteri mpaka ampuli ya mwisho. Pale inapogusa bati, mti ao kamba ya nguo, ndipo kazi inaanza. Na mbele ya mtu yeyote kuigusa, umeme uzimwe.